Masomo ya Jumamosi ya sosholojia komini ya Kenya, Lubumbashi: lipa kwa kipindi, usilipe kwa mwezi

Wenzangu wa mwaka wa kwanza chuoni wananiuliza kama haya masomo ya kuongezea yanastahili pesa. Kwa nusu ya kwanza ya programu, yanastahili kabisa. Nusu ya pili, ukiwa na silabi nzuri (kile kitabu cha somo cha profesa), baki nyumbani ujisomee.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi komini ya Katuba, na nimerudi chuoni watoto wangu wakiwa wakubwa. Kule chuoni auditwari, ule ukumbi wa mihadhara, inajaa mpaka milangoni, profesa anasoma Kifaransa chake mbele, na sisi wa nyuma tunaandika tulichobahatika kusikia. Ndiyo maana nilifuata tangazo la huyu kijana anayefundisha Jumamosi asubuhi katika chumba cha kanisa, komini ya Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, Kongo, siyo ile nchi). Anafundisha kwa Kiswahili, na Kifaransa anakichomeka pale tu neno litakapotoka kwenye mtihani. Hilo peke yake lilinipumzisha kichwa.

Ana lisansi tu, yaani shahada, hajawa hata asista (msaidizi wa profesa), lakini darasa zima linamwita Prof. Mwenyewe ndiyo alianzia hapo: "Mnaniita Prof. Hiyo hadhi nimepewa na nani?" Chumba kikacheka, somo likaanza. Akaeleza hadhi unayozaliwa nayo, kama kuwa mwana wa kwanza au mwanamke, na ile unayojipatia, kama uuguzi au udereva. Kisha akamleta Ralph Linton, Mmarekani aliyeitenganisha hadhi na dhima mwaka 1936: hadhi ni nafasi uliyomo, dhima ni yale watu wanayotegemea uyatende ukiwa katika nafasi hiyo.

Kwa mgongano wa dhima akamsimamisha kijana mmoja ambaye siku za wiki anakusanya pesa kwenye taksi-bisi ya njia ya Ruashi. "Mama mkwe wako kapanda. Unamdai nauli?" Kijana akakuna kichwa. Kwa wengi wetu huku mkwe anamkwepa mama mkwe, hata meza moja hawalii, sembuse kumnyooshea mkono wa kudai pesa. Lakini jioni mwenye gari anataka hesabu kamili. Akajibu polepole kwamba angegeukia abiria wengine, kisha atoe ile nauli mfukoni mwake. Prof akamwambia amejieleza vizuri kuliko silabi, na kweli: dhima mbili, mtu mmoja, na gharama imeangukia mfuko wake. Hilo sitalisahau mtihanini.

Kwenye kipindi cha kaida, Durkheim, yule mwanasosholojia Mfaransa, naye alimweleza vizuri. Kwenye silabi kuna ile sentensi ya 1895 kuhusu namna za kutenda, kufikiri na kuhisi zilizo nje ya mtu na zenye nguvu ya kumlazimisha. Niliisoma mara nyingi bila kuiona. Prof alituuliza sisi akina mama: ukifika matangani wenzako wamekaa chini kwenye mkeka, wewe ukavuta kiti ukakaa, polisi watakuja? Hawatakuja. Lakini nani kati yetu atathubutu? Mkeka ulikuwepo kabla hatujazaliwa, na macho ya wale mama ni kizuizi tosha.

Kipindi kilichonishangaza zaidi ni cha makundi. Baada ya Sumner, Mmarekani aliyeandika mwaka 1906 juu ya kundi la "sisi" na kundi la "wale", alituvusha mpaka wa Kasumbalesa hadi Luanshya, kwenye migodi ya shaba ya Zambia. Huko mwanaanthropolojia Clyde Mitchell alichunguza ngoma ya Kalela na kuchapisha utafiti wake mwaka 1956. Wachezaji ni vibarua wa mjini waliovaa nguo safi za kizungu, mmoja wao anacheza daktari, yupo na nesi, na nyimbo zao zinasifu kabila lao na kuwatania wengine. Mitchell akaona kwamba mjini kabila linafanya kazi tofauti na kijijini: linawasaidia watu wasiojuana kujua wachukuliane vipi. Mtu wa Lubumbashi anayesikia utani wa makabila kila siku sokoni hahitaji mfano mwingine.

Sasa ubaya. Alipofika kwenye historia ya sosholojia, Prof alisema jina hilo lilibuniwa na Karl Marx. Hapana. Ni Auguste Comte, mwaka 1839, na silabi ya mtu yeyote inasema hivyo. Wenzangu waliliandika hivyohivyo kwenye madaftari.

Kwenye matabaka ndipo aliponiudhi hasa. Alituchorea piramidi ubaoni, matajiri juu, maskini chini, akafunga daftari. Jamani, katika mji huu! Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani, alitenganisha utajiri, heshima na nguvu ya kisiasa, na sisi mifano tunapishana nayo barabarani. Tangu miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, ilijenga kambi ili wafanyakazi wakae na wake zao, ikaweka shule na zahanati, na watoto wakakua wakijua baba wa nani ana cheo gani. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, ikaanza kuachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000. Mjomba wangu ni mmoja wao. Mfuko wake leo hauna kitu, lakini mtaani bado ni Papa Kapita, yaani Baba Msimamizi, na ugomvi wa mpaka wa kiwanja hauamuliwi bila yeye. Muweke wapi kwenye ile piramidi? Nilinyoosha mkono nikauliza. Nikajibiwa kwamba hiyo ni ya mwaka wa pili.

Malipo ni faranga 5,000 kwa Jumamosi moja, au 15,000 kwa mwezi. Mwezi unaonekana nafuu, lakini ukishalipa hakuna kurudishiwa, hata Jumamosi ambayo Prof mwenyewe yupo kwenye ndoa ya ndugu. Saa mbili ya tangazo ni saa tatu ya kweli. Kuanzia saa nne kwaya inafanya mazoezi chumba cha pili, kwa hiyo wahi benchi la mbele, upande wa dirisha, maana umeme ukikatika, ukiwa nyuma ubao hausomeki. Vipindi vya kulipia ni hadhi na dhima, kaida, na makundi. Ratiba ya vipindi hubandikwa mlangoni kila mwanzo wa mwezi. Upige picha kwa simu, uchague.