Noctua NH-U12S: kipoza joto kwa kompyuta ya mezani inayochemka

Kipoza joto cha Noctua NH-U12S kinamfaa mtu ambaye kompyuta yake ya mezani inachemka kwa sababu feni ndogo iliyokuja na prosesa imezidiwa na kazi, wala hakimfai yule ambaye mashine yake inakosa hewa. Tofauti hiyo ifahamike kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa kipoza joto cha feni hakiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa inayokizunguka. Kikiwekwa ndani ya kasha lililojaa hewa moto isiyo na pa kutokea, kitabaki kuizungusha hewa hiyo hiyo.

Namna ya kubaini ni rahisi. Ipe kompyuta kazi nzito, tazama joto la prosesa kwa programu ya kupimia, kisha ondoa ubavu wa kasha na uendelee kutazama. Joto likishuka sana, tatizo ni mzunguko wa hewa: safisha vichujio, ongeza feni ya kutoa hewa nyuma ya kasha, na huenda usihitaji kununua kipoza joto kabisa. Lisiposhuka, na hasa likikaribia kikomo cha prosesa, ambacho kwa prosesa nyingi za Intel ni nyuzi 100 za Selsiasi, basi kipoza joto kimeshindwa au grisi ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto, imekauka. Prosesa ikifika hapo hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na ndiyo maana watu wengi hulalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito bila kushuku kuwa chanzo ni joto.

NH-U12S ni mnara wa mapezi ya alumini wenye feni moja ya milimita 120. Chini yake kuna kitako cha shaba kinachoikalia prosesa, na kutoka hapo hupanda mabomba 5 ya shaba. Ndani ya kila bomba mna kimiminika kidogo ambacho huvukizwa na joto la prosesa, hupanda kama mvuke hadi kwenye mapezi, hupoa na kurudi kimiminika, kisha husharabiwa tena hadi chini kupitia kuta za bomba. Hayo yote hufanyika bila pampu na bila maji yanayoweza kuvuja juu ya ubao mama, yaani ubao mkuu unaobeba prosesa, na kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kukipendelea kuliko mifumo ya kupoza kwa maji katika kompyuta ya kazi za kila siku.

Ufungaji ndio ulionivutia zaidi. Kabla ya kung'oa kipoza joto cha zamani, iwashe kompyuta kwa muda ili grisi ilainike, izime na uchomoe waya wa umeme, halafu kizungushe kipoza joto taratibu kushoto na kulia badala ya kukivuta moja kwa moja juu. Katika soketi (kiti cha prosesa kwenye ubao mama) ya AM4 ya prosesa za AMD, kuvuta kwa nguvu huweza kuing'oa prosesa pamoja na kipoza joto, na miguu yake ikapinda. Futa mabaki ya grisi kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Grisi ya Noctua, NT-H1, imo ndani ya boksi. Kwa prosesa za kawaida za Intel, tone moja la milimita 4 hadi 5 katikati linatosha, kwa kuwa uzito na shinikizo la skrubu vitalisambaza. Skrubu zenyewe zina springi, na hukazwa kwa zamu, mizunguko michache upande huu na michache upande ule, mpaka zigote. Zikigota, shinikizo ni sahihi. Fundi asiye na uzoefu hahitaji kukisia.

Feni yake hufika mizunguko 1,500 kwa dakika, na waya mfupi wa kupunguza kasi uliomo ndani ya boksi huishusha hadi 1,200. Kwa prosesa ya wastani sioni haja ya kwenda juu ya hapo, na utulivu unaopatikana ni faida ninayoithamini kuliko hata nyuzi za joto zinazopungua.

Mipaka yake ni ya wazi. Kimo chake ni milimita 158, kwa hiyo pima nafasi iliyopo kati ya ubao mama na ubavu wa kasha, maana makasha membamba hayatakipokea. Kwa upande mwingine, ni chembamba kiasi kwamba katika bao nyingi hakifuniki nafasi za RAM, jambo ambalo minara yenye feni mbili hushindwa mara kwa mara. Prosesa kama Core i9-14900K ya Intel, inayoweza kula hadi wati 253, si mzigo wake. Hapo tafuta kitu kikubwa zaidi. Na mwenye prosesa ya AMD ya Ryzen 7000 asishtuke akiona nyuzi 95 chini ya kazi nzito kwenye matoleo yenye nguvu zaidi, kwani AMD ilizitengeneza zifanye kazi hadi kiwango hicho. Rangi ya kahawia ya feni haimpendezi kila mtu, lakini toleo jeusi lipo.

Waranti ni ya miaka 6, muda ambao vumbi litakuwa limeingia mara nyingi. Feni imeshikiliwa kwa vibanio vya waya, hivyo huondolewa bila kugusa skrubu wala kuharibu grisi, na mapezi yakapigwa brashi laini. Ukitumia kipulizio cha hewa, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, kwa sababu kasi hiyo isiyo na udhibiti huweza kuharibu beringi.