Simuleta ya upasuaji wa macho: uzoefu wangu baada ya macho ya mbuzi

Nasomea ubingwa wa macho hapa Dodoma. Kabla ya simuleta nilikuwa nafanyia mazoezi macho ya mbuzi. Hayakosekani: Jumamosi unakwenda mnadani Msalato, unamwomba mchinjaji vichwa viwili, anakucheka, unaondoka na macho manne kwenye ndoo ya barafu. Shida ni kwamba kifuko cha lenzi ya mbuzi, yaani utando mwembamba unaoifunika lenzi, ambao unaufungua ili kutoa mtoto wa jicho, kinavutika kama mpira. Cha mzee wa miaka 70 hakikusubiri. Ukikosea kidogo, mchaniko unakimbilia pembeni.

Kwa hapo simuleta haina mpinzani. Unakaa mbele ya kichwa cha plastiki, macho kwenye hadubini, vifaa viwili mkononi, pedali miguuni, na jicho la uhalisia pepe unaliona na kina chake. Zoezi langu lilikuwa kufungua kifuko hicho kwa duara la milimita 5 hivi. Jaribio la kwanza, alama 11 kati ya 100. Mashine haina haya: inakuhesabia umegusa konea (kioo cha mbele cha jicho) mara ngapi na mkono umetetemeka kiasi gani. Nilirudia kama mara 60 ndani ya wiki mbili, na hakuna jicho la mtu lililoumia. Aliyefaidika zaidi ni mguu wangu wa kushoto, ambao hadi siku hiyo haukujua kazi yake kwenye pedali ya hadubini.

Lawama sasa. Simuleta yetu haikupi hisia yoyote mkononi unapogusa tishu. Kwenye duara unavumilia. Lakini wagonjwa wetu wengi huja mtoto wa jicho ameshaiva, mboni nyeupe kama maziwa, na lenzi tunaitoa nzima kupitia njia inayochongwa kwenye weupe wa jicho. Kina cha njia ile unakisikia kwenye kisu. Kwa hiyo Msalato bado naenda. Na nunueni betri ya akiba: umeme ulikatika nikiwa katikati ya zoezi, alama zangu bora zikaenda nao.

Mwezi uliofuata nilimfanyia bibi mmoja upasuaji, msimamizi wangu akiwa pembeni. Tukaweka rangi ya buluu ili kifuko kionekane, nikaanza duara, mkono umetulia. Robo tatu ya njia, bibi akakohoa. Nikatoa vifaa, nikasubiri, nikamalizia. Zoezi la kikohozi kwenye mashine halipo. Nimewaandikia waliotuuzia waliongeze.