Kichaka cha maua ya njano kwa kona yenye jua: ununue kipi kwanza

Kama una kona inayopigwa jua siku nzima alafu ukuta unaikinga na upepo, hapo kichaka cha maua ya njano kitakupendeza sana, ila usibebe mche wowote tu eti kwa sababu umechanua. Jiulize kwanza ukikua utafika wapi na nani atakuwa anaugusa.

Namba moja kwangu ni galfimia. Asili yake Mexico, inaishia kama mita moja na nusu hadi mbili, vimaua vyake ni vidogo kama nyota lakini vinajazana kwenye vishada mpaka kichaka kizima kinakuwa njano. Inakua polepole kweli, lakini kwa nafasi ndogo mi naona hiyo ni faida, hushindi na mkasi mkononi.

Ya pili alamanda, na hapa uliza vizuri kabla hujalipa maana kuna ya kichaka na kuna ya kutambaa, na zikiwa bado ndogo kwenye kiriba, yaani kile kifuko cha mche, zinafanana sana, unakuja kushtuka baadaye inatafuta pa kupanda. Chukua ya kichaka. Utomvu wake unawasha ngozi kwa hiyo vaa glavu ukiwa unapogoa.

Tatu ni tekoma, ambayo ni ua la taifa la Bahamas. Kwa kuchanua ina moyo sana, inavumilia ukame, na ukiipogoa inazidi kutoa maua kwa sababu yanatoka kwenye matawi mapya. Ningeipandisha juu kama si mbegu zake, zina mabawa, upepo unazisambaza, na Afrika Kusini imeshakuwa mmea vamizi. Ukiinunua, kata maganda ya mbegu yangali mabichi.

Thevetia naiweka mwisho kabisa. Ni nzuri, sikatai, ila mti mzima ni sumu, mbegu ndo hatari zaidi, inaharibu mapigo ya moyo. Nyumba yenye watoto usilete, tafadhali.

Ukiwa kwenye kitalu geuza majani uangalie chini kama kuna vidukari au inzi weupe, alafu angalia mizizi, kama imejizungusha ndani ya kiriba acha huo mche hata uwe na maua mangapi, chukua mdogo wenye machipukizi mapya. Shimo lipitishe maji vizuri, na samadi iwe kidogo, ukizidisha utapata majani tu.