Uzoefu Wangu: Nakala ya Mchoro wa David Roberts wa Waisraeli Wakitoka Misri

Nilinunua nakala hii iliyochapishwa kwenye turubai kwa ajili ya darasa la Biblia ninalolifundisha, kwa sababu picha nyingi za kitabu cha Kutoka humwonyesha Musa na fimbo yake tu, na taifa lenyewe halionekani. Mchoro wa asili ni wa mwaka 1829 na unatunzwa katika jumba la makumbusho la Birmingham, Uingereza. David Roberts alikuwa Mskoti, mtoto wa fundi viatu wa Edinburgh, aliyejifunza kupaka rangi nyumba kabla ya kuchora mandhari za majukwaa ya maigizo, kazi iliyomfikisha hadi London.

Ujuzi huo wa jukwaani ndio unaoipa picha nguvu. Majengo ya mawe yenye nguzo nene yanapanda juu na kurudi nyuma mpaka macho yanapotelea kwenye upeo, na chini yake umati unapita ukiwa mdogo kama mchanga uliomwagika. Hapo ndipo penye sifa ya kazi hii na pia penye udhaifu wake. Kutoka 12 inataja wanaume wapatao 600,000 waliokwenda kwa miguu, mbali na watoto, tena wakiwa na mifugo mingi na unga uliokandwa ambao haujachachuka, wameufunga ndani ya nguo zao mabegani. Roberts amenionyesha wingi huo kuliko mchoraji mwingine yeyote ninayemfahamu, lakini mzigo ule wa begani, ambao kwangu ndio moyo wa simulizi, umemezwa na mawe. Misri yake ni ile ambayo Ulaya ya wakati ule ilipenda kuiwaza, kubwa kupita kiasi na isiyo na nyuso, na yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga nchi hiyo. Alifika huko mwaka 1838.

Baadhi ya wanafunzi wangu walipinga mwanga wa mchana uliomo, kwa kuwa Farao alimwita Musa usiku. Niliwafungulia Hesabu 33:3, inayosema kwamba walitoka siku iliyofuata Pasaka, mbele ya macho ya Wamisri wote, na mjadala uliofuata ulikuwa mzuri kuliko somo nililokuwa nimeliandaa.

Kuhusu nakala yenyewe, ukubwa ndio jambo la kuangalia kabla ya kulipa. Niliilinganisha na nakala ya mwenzangu yenye upana wa sentimita 40: ndani yake watu wamegeuka vidoa na kilichobaki ni picha ya majengo, ilhali katika yangu yenye sentimita 90 mtu aliyesimama hatua mbili kutoka ukutani anaona makundi yakitengana na kuungana tena. Rangi za anga zimetoka vizuri. Sehemu zenye kivuli chini ya nguzo zimekuwa nyeusi mno, na ukiitundika mahali pasipo na mwanga wa kutosha hutaona chochote pale. Turubai isiyong'aa inafaa zaidi kuliko karatasi yenye kung'aa, kwa kuwa darasani taa za dari huakisi moja kwa moja juu ya umati, na umati ndio sababu ya kuinunua picha hii.

Kwa mwalimu anayefundisha Kutoka, ninaipendekeza bila kusita, mradi achukue ile kubwa na awe na Biblia iliyofunguliwa pembeni.