Picha za Tingatinga, Oysterbay: bei ina wa kuulizwa

Anayetafuta picha ya ukutani jijini Dar es Salaam ningemshauri apite kwanza kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, Oysterbay, kabla ya kuingia duka lolote la zawadi. Hapo wachoraji hufanya kazi mbele ya wateja, kwa rangi ya mafuta yenye kung'aa kama ile ya baiskeli aliyoanza nayo Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, mwaka 1968. Rangi hiyo ina harufu kali na haikauki upesi, kwa hiyo anayesafiri kesho asichague picha iliyomalizika leo.

Bei hupatikana kwa mazungumzo, na hilo ndilo lililonivutia zaidi. Mchoraji hueleza kwa nini chui, ambaye madoa yake yamepakwa moja moja, anazidi bei ya ndege wawili wa ukubwa uleule. Mnunuzi hutazama, hubisha, kisha wakaafikiana. Ni kweli kwamba wachoraji wa mtindo huu huigana tangu zamani, na asiyependa kumkuta chui yuleyule kwenye kuta tatu ataudhika, lakini kila nakala imepita mkononi mwa mtu anayeweza kuulizwa.

Katika duka moja la zawadi nilioneshwa picha ya mtindo huohuo, iliyobuniwa kwa akili mnemba na kuchapwa kwenye kitambaa. Ilipendeza, ingawa ilikuwa nadhifu kupita kiasi. Bei yake ilikaribiana na ya Oysterbay, ila nilipouliza imepangwaje, muuzaji alinitajia vipimo vya fremu.

Wapo watakaosema soko liamue, kwa kuwa mwaka 2018 kampuni ya mnada ya Christie's, New York, iliuza kwa dola 432,500 picha ya "Edmond de Belamy", kazi ya algoriti (programu ya akili mnemba) ya kundi la Wafaransa liitwalo Obvious, ilhali ilikadiriwa kati ya dola 7,000 na 10,000. Naona wazabuni wale walilipia zaidi upya wa jambo lenyewe, maana ilikuwa picha ya kwanza ya aina hiyo kunadiwa na kampuni kubwa ya mnada, na upya huo hauwezi kudaiwa na kila kitambaa kinachotoka kwenye mashine.

Mwenye kutaka rangi zinazolingana na makochi yake tu, iliyochapwa itamtosha, mradi muuzaji aseme wazi ilivyotengenezwa na ashushe bei. Mimi nilimchukua chui.