Pikapu ya mtumba Marekani: vaa nguo chafu, ingia uvunguni

Februari niliipeleka pikapu yangu kubadilisha oili. Fundi akaipandisha juu, akatazama, akanyamaza, kisha akaniita: "Dada, njoo uone mwenyewe." Akachukua nyundo ndogo akagonga chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari lote, pale inapopinda juu ya eksili ya nyuma. Chuma kizima hulia ngaa! Hiki kililia pu, kama boga, na magamba ya kutu yakamwagika sakafuni. Akaniambia nitie kidole. Kikazama hadi kifundo cha pili.

Miezi minne tu nilikuwa nayo. Niliinunua hapa Minnesota kwa dola 11,000, bodi inang'aa, viti vya ngozi, na chini kote imepakwa rangi nyeusi mbichi. Nikasema huyu muuzaji anajua kutunza gari. Kumbe rangi ndiyo iliyokuwa imelishikilia. Chapa siitaji, maana kosa ni la chumvi, la muuzaji, na langu mimi niliyekagua redio.

Mimi mtoto wa Tanga, kutu ya bahari naijua. Ya huku ni kiboko. Wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na tope lake hujibana ndani ya chesisi likakaa humo mpaka joto lirudi. Ndiyo maana sitaongelea nguvu za farasi wala ukubwa wa skrini. Tunaongelea chini.

Namba moja kwangu ni Ford F-150, na upendeleo wangu siufichi. Ford waliuza pikapu yao ya kwanza kutoka kiwandani mwaka 1925, Model T yenye sehemu ya mzigo nyuma, kwa dola 281. Ukoo wa F ulianza 1948, jina F-150 likaja 1975, na pikapu za ukoo huo ndizo zinazoongoza kwa mauzo Marekani tangu 1977. Faida yake kwako wewe ni spea, zimejaa kila yadi ya magari mabovu. Tafuta ya 2015 kuja mbele, injini ya V8 ya lita 5.0. Ya 2004 hadi 2008 yenye injini ya lita 5.4 iache hapo hapo ilipo, kwa sababu plagi zake zina tabia ya kukatikia ndani ukizifungua.

Sasa sikiliza. Kuanzia hiyo 2015 bodi ni ya aluminiamu, haishiki ile kutu nyekundu. Lakini chesisi imebaki chuma. Zamani ukiona mlango umetoboka ulijua chini kuna msiba. Siku hizi juu kunang'aa kama sufuria ya harusi, na chini kunalika kimya kimya. Naipenda Ford, lakini ndiyo pikapu inayohitaji tochi kuliko zote.

Ya pili ni Chevrolet Silverado, au pacha wake GMC Sierra, nguo tofauti tu. Kwenye hizi, hasa za zamani, fuata mabomba ya breki kwa kidole kutoka mbele hadi nyuma. Ukikuta yamevimba, ondoka.

Ram 1500 naiweka ya tatu. Inakwenda laini kuliko zote, tangu toleo la 2009 walipoweka koili springi nyuma. Historia yake hunichekesha: Ram ilizaliwa ndani ya kampuni ya Dodge, na waanzilishi wake, ndugu wawili John na Horace Dodge, walikuwa wakimtengenezea Henry Ford injini tangu 1903, na hisa walizopata kwa dola 10,000 Ford wakazinunua 1919 kwa milioni 25. Hata mpinzani alikulia jikoni kwa Ford!

Nissan Frontier na Ford Ranger za bei nafuu zipo, zinabeba. Gonga vilevile.

Na mnaoulizia Hilux: Marekani iliacha kuuzwa 1995, ikaja Tacoma, ya Toyota hao hao. Kisa cha pikapu za nje kuwa adimu huku ni kuku. Ulaya ilitoza ushuru kuku wa Marekani, Rais Johnson akajibu kwa ushuru wa asilimia 25 kwenye pikapu kutoka nje, kuanzia 1964. Ugomvi wa kuku ulisahauliwa, ushuru ukadumu, na hawa wa nyumbani wakajipangia bei watakavyo. Juu yake muuzaji anakubandika "ada ya makaratasi", mia kadhaa za dola kwa karatasi anazozichapa mbele yako dakika tano.

Ripoti ya historia ya gari itakuonyesha lilisajiliwa wapi. La Texas au Arizona, kwenye joto, lipe nafasi. La Ohio au Michigan, kwenye chumvi, nenda na nyundo.

Jumamosi nilikwenda kuona F-150 ya 2016, safi, nyekundu. Nikamwomba muuzaji aipandishe juu. Akasema mashine ya kupandishia imeharibika. Nikatandika gunia kwenye theluji, nikawasha tochi, nikaingia. Rangi nyeusi ilikuwa bado inanuka.