Vidhibiti Kasi vya Mota na Huduma ya Ufuatiliaji: Tathmini Baada ya Miaka Miwili ya Matumizi

Kifaa ninachokitathmini hapa ni kabati dogo la chuma lenye kioo cha tarakimu na vitufe vichache, ambalo hufungwa kati ya njia ya umeme na mota ili mota hiyo isilazimike kuzunguka kwa kasi ileile saa zote. Mafundi wengi hukiita inveta au draivu. Mimi nitakiita kidhibiti kasi. Kiwanda ninachofanyia kazi kilinunua vidhibiti kumi na viwili vya aina hiyo, pamoja na vihisi vya mtetemo na joto na huduma ya kufuatilia takwimu zake kwa mbali, vyote kutoka kwa muuzaji mmoja. Miaka miwili imepita tangu ufungaji ukamilike, na muda huo unatosha kutenganisha ahadi za siku ya mauzo na hali halisi ya karakana. Muuzaji simtaji, kwa kuwa mengi ya yaliyonikera yangeweza kutokea kwa muuzaji mwingine yeyote wa bidhaa hii.

Hatukununua kwa kufuata mtindo. Mota za umeme hutumia karibu nusu ya umeme wote wa dunia, na viwandani sehemu yake ni kubwa zaidi, hasa katika pampu, feni na kompresa. Nyingi kati ya mota hizo huzunguka kwa kasi kamili usiku na mchana, kisha maji au hewa inayozidi mahitaji huzuiwa kwa vali au kwa bamba la kuziba njia. Kwetu, vali ya pampu mojawapo ya maji ya kupoozea ilikuwa imefungwa zaidi ya nusu, gurudumu lake limeota kutu, na hapakuwa na mtu aliyekumbuka ni nani aliyeifunga wala kwa nini. Ukiweka kiganja juu ya bomba, mbele kidogo ya vali hiyo, ulihisi maji yakijipenyeza kwa kishindo. Kishindo kile kilikuwa umeme tuliokwisha kuulipia.

Kidhibiti kasi hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza huugeuza mkondo geu wa gridi, ambao huwa wa hezi 50 au 60 kutegemea nchi, kuwa mkondo mnyoofu. Kisha transista zake, yaani swichi ndogo za kielektroniki, huukatakata mkondo huo maelfu ya mara kwa sekunde na kuunda upya mkondo geu wa hezi zozote utakazoagiza, nayo mota huzifuata. Faida yake kubwa hutokana na kanuni inayotawala pampu na feni za mapezi: mtiririko hupungua sambamba na kasi, shinikizo hupungua kwa kipeo cha pili cha kasi, na nguvu inayohitajika hupungua kwa kipeo cha tatu. Feni inayozunguka kwa asilimia 80 ya kasi yake huhitaji takriban asilimia 51 ya nguvu, na ikishushwa hadi asilimia 50 huhitaji asilimia 12.5 tu. Hesabu hiyo ni ya kweli kabisa. Tatizo huanza inapopelekwa mahali isipohusika, na muuzaji wetu aliipeleka kila mahali.

Nianze na palipofanikiwa. Feni za mnara wa kupoozea, ambazo zamani zilizunguka kwa kasi moja hata usiku wa baridi, sasa hufuata joto la maji: maji yakipoa zinapunguza mwendo, yakipanda joto zinaongeza. Mita tuliyoifunga kabla na baada ya kazi ilionyesha punguzo linalokaribiana na kanuni niliyoitaja, isipokuwa kiasi kidogo ambacho kidhibiti chenyewe hukila. Jambo ambalo hakuna aliyelitangaza ni ukimya. Wiki ya kwanza, zamu ya usiku ilinipigia simu kuniarifu kwamba feni zimekufa, kumbe zilikuwa zinazunguka taratibu bila ule mngurumo waliouzoea. Pia mota iliyounganishwa moja kwa moja na gridi huvuta, inapowashwa, mkondo unaozidi ule wa kawaida mara tano au zaidi kwa muda mfupi, na mikanda yetu ilikuwa ikilia kila alfajiri kwa sababu hiyo. Siku hizi feni huanza polepole, na mikanda iliyofungwa siku ya kwanza bado ndiyo hiyo hiyo.

Pampu ya tangi la juu ndiyo iliyotufunza adabu. Pampu inayopandisha maji haina budi kwanza kuushinda urefu wa kwenda juu, kabla hata tone moja halijaingia kwenye tangi, na sehemu hiyo ya kazi haipungui hata kidogo unapopunguza kasi. Kwa asilimia 80 ya kasi, shinikizo la juu kabisa ambalo pampu inaweza kulitoa hushuka hadi asilimia 64. Ikiwa urefu wa tangi peke yake unadai asilimia 70, hakuna maji yatakayopita. Hali yetu ilikuwa karibu sana na mfano huo. Pampu ilizunguka, kioo kikaonyesha kilowati chache za kupendeza, huku kina cha tangi kikishuka na tumbo la pampu likiwaka moto kiasi cha kutoshikika, kwa kuwa maji yaleyale yalikuwa yakikorogwa ndani bila pa kwenda. Ripoti ya huduma ya ufuatiliaji ya siku ile ilipaka mstari wa pampu hiyo rangi ya kijani na kuuandikia kuwa umeokoa umeme. Kwa kweli ulikuwa umeokolewa. Pampu isiyopandisha maji haili umeme mwingi.

Tulipoomba kuona hesabu zilizotumika kuuza mpango huu, tulikuta kipeo cha tatu kimetumika kwa mota zote kumi na mbili bila kuuliza kila moja inasukuma nini. Pampu ile sasa imewekewa kikomo cha chini cha kasi, na huwashwa na kuzimwa kwa kufuata kina cha tangi. Kidhibiti kingine tulikiondoa kabisa, kwa sababu kilifungwa kwenye pampu inayofanya kazi kwa uwezo wake wote muda wote, na kwa kuwa kifaa hiki hupoteza asilimia chache za umeme kwa njia ya joto, pale kilikuwa kinaongeza matumizi badala ya kuyapunguza. Mahali kama hapo mota bora yenyewe ndiyo dawa. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60034-30-1 hupanga mota kwa madaraja ya ufanisi kuanzia IE1, la chini kabisa, kwenda juu, na Umoja wa Ulaya umeshalifanya daraja la IE4 kuwa la lazima, tangu Julai 2023, kwa nyingi kati ya mota mpya za kilowati 75 hadi 200. Muuzaji mwaminifu angetuambia hayo mapema, ijapokuwa angeuza sanduku moja pungufu.

Mwaka wa kwanza haujaisha, mota moja ya feni ilianza kutoa mlio mwembamba, kama wa chuma kinachosuguliwa kwa tupa mbali. Fundi alipoichomoa beringi na kuipasua pete yake ya nje, tulikuta njia ya gololi imejaa michirizi iliyopangana sawasawa kama mikunjo ya bati. Wanaoijua kazi hii hawahitaji maelezo: ule ukataji wa umeme maelfu ya mara kwa sekunde hujenga volteji kwenye shafti, nayo hutafuta njia ya kwenda ardhini kupitia grisi ya beringi, na kila cheche huacha kishimo kidogo. Kinga zake zinafahamika, nazo ni pete ya kugusisha shafti na ardhi, beringi yenye kauri, kebo yenye ganda la chuma lililofungwa ardhini ncha zote mbili, na kuepuka kebo ndefu kupita kiasi. Kitabu cha kifaa kilikuwa kimeeleza suala la kebo kwa kirefu. Waliofunga hawakukisoma, na muuzaji akakataa kulihesabu tukio hilo ndani ya dhamana kwa hoja kwamba mota haikutoka kwake. Kuhusu hamoniki, yaani mikondo ya ziada ambayo vifaa hivi huirudisha kwenye mtandao, hasa ile yenye hezi mara tano na mara saba ya zile za gridi, itoshe kusema kwamba vidhibiti vyetu vilikuja na koili za kuipunguza na transfoma yetu haijalalamika. Anayefunga vingi kwenye transfoma ndogo apime kwanza.

Huduma ya ufuatiliaji ndiyo sehemu dhaifu ya mpango mzima. Vihisi vyenyewe ni vizuri: kimoja kilitambua kwamba pezi la feni limeshika uchafu na kupoteza mizani, wiki kadhaa kabla ya sikio la mtu yeyote kugundua, na kusafisha pezi ni kazi ya nusu siku, ilhali kubadilisha shafti kungesimamisha uzalishaji. Hata hivyo, tahadhari zilikuja nyingi mno mwanzoni, kwa sababu viwango vyake viliwekwa kiwandani kwa mtengenezaji bila kuzijua mashine zetu, na mafundi wakazoea kuzifuta bila kuzisoma. Kibaya zaidi, vipimo vyote vilipelekwa kwenye seva za muuzaji, nasi tukawa tunapewa michoro ya rangi tu. Nilipoomba vipimo ghafi vya pampu ya tangi ili nihakikishe kilichotokea, nilijibiwa kwamba vinapatikana kwa ada ya daraja la juu. Vipimo vya mashine zangu, kwenye umeme wangu! Jambo la tatu ni usalama: vidhibiti huzungumza kwa itifaki ya Modbus, lugha ya mawasiliano ya mashine za viwandani, iliyobuniwa mwaka 1979 bila utaratibu wowote wa kuuliza nenosiri, na muuzaji alikuwa ameviunganisha kwenye mtandao uleule wa kompyuta za ofisini. Tuliutenganisha mtandao huo sisi wenyewe.

Nimeulizwa na wenzangu wanaohudumia mifumo ya maji ya miji kama kifaa hiki kinawafaa, na jibu langu kwao ni la matumaini kuliko lile ninalowapa wenye viwanda. Katika mitambo ya kusafisha majitaka inayotumia vijidudu, upulizaji wa hewa majini peke yake huweza kuchukua nusu ya umeme wa mtambo au zaidi, na mahitaji ya oksijeni hupanda na kushuka kila siku kwa kufuata saa ambazo watu huoga, hupika na kulala. Kipulizaji kinachofuata kipimo cha oksijeni, badala ya kupuliza kwa nguvu moja, hapo kina kazi ya maana. Vivyo hivyo kwa mabomba ya mtaani: kupunguza shinikizo usiku, wakati matumizi ni madogo, hupunguza maji yanayovuja kwenye nyufa, kwa hiyo mji huokoa umeme na maji yaliyokwisha kusafishwa. Onyo la pampu ya tangi la juu, hata hivyo, linawahusu zaidi wao, kwa kuwa miji yenye vilima imejaa pampu za namna hiyo.

Kama ningekuwa naanza upya, ningefunga mita kwenye kila mota kwa mwezi mzima kabla ya kuagiza chochote, na ningemtaka muuzaji aandike kwenye mkataba ni mota gani haifai kuwekewa kifaa chake. Ningedai pia vipimo ghafi viwe mali yetu tangu siku ya kwanza, na ningemlipa sehemu ya mwisho baada ya mita kuthibitisha, si baada ya ripoti yake yenye rangi ya kijani. Vidhibiti vyenyewe nawapendekezea wasomaji bila kusita kwa feni na kwa pampu za maji yanayozunguka ambazo mzigo wake hubadilika. Mwezi uliopita tumeagiza viwili zaidi kwa ajili ya feni za kukaushia, safari hii pamoja na pete za shafti. Mkataba wa ufuatiliaji hatukuuhuisha. Vihisi vimebaki mahali pake, na vipimo vyake husomwa na kompyuta moja iliyowekwa kwenye chumba cha zamu, ambayo kijana wetu wa umeme aliiandikia programu yake mwenyewe, isiyo na rangi yoyote.